Maji Yalipokuja na Pikipiki Ikiwa Juu

Katika ploti yetu ya Umoja, vyumba vya kupanga vilivyozunguka uwanja mmoja, hakuna mtu aliyeinua kitu kizito peke yake. Ukiwa na kabati la kuhamisha au pipa la kusogeza, ulisimama katikati ya uwanja ukasema, "Kujeni mnishikie," na milango ikafunguka. Watu walitoka na kandambili, wengine bado wanatafuna, kila mmoja akashika palipokuwa karibu na mkono wake. Ilikuwa desturi nzuri na sitaki msomaji afikiri naidharau. Lakini ilikuwa na mpaka, na mpaka wake ulikuwa mfereji.

Mfereji wa maji ulikuwa mmoja tu, bomba lililosimama karibu na lango. Miaka hiyo ya tisini maji yalikuja yalipotaka, asubuhi ya leo, alasiri ya kesho kutwa, na yalikaa muda yaliotaka. Kwanza mfereji ulikohoa hewa. Aliyeusikia alipaza sauti, "Maji!" na kila kitu kikaachwa pale kilipokuwa. Niliwahi kuona maombi ya nyumba kwa nyumba yakikatwa katikati ya sentensi. Mama aliyekuwa akiomba alisema amina upesi, akafumbua macho, akachukua ndoo. Hakuna aliyemlaumu. Mungu alikuwa mahali pale pale, lakini maji hayangengoja.

Pikipiki ilikuwa ya baba. Alikuwa dereva wa lori katika kiwanda kimoja cha mabati, na pikipiki aliinunua kwa afisa wa kilimo aliyestaafu kule kwetu magharibi. Aliiendesha miaka mingi mpaka magoti yakaanza kumlalamikia, akasema itakuwa yangu siku nitakapopata kazi ya kuifanyia. Niliposikia hivyo nilifurahi, kisha nikaogopa, kwa mpangilio huo huo ambao mimi hufurahi na kuogopa kila kitu.

Niseme ukweli kuhusu tabia yangu, maana bila hiyo hadithi hii haina maana. Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikizima jiko la mafuta naondoka, kisha narudi kulinusa. Ndani yangu nilikuwa nimeamini kwamba jambo baya ambalo sikulifikiria mapema ndilo litakalotokea, kwa hiyo nilijaribu kuyafikiria yote. Ufundi nilijifunza hivyo hivyo, kwa hofu. Nilikuwa na kitabu cha mwongozo wa pikipiki kisicho na jalada, nilichokitoa kwenye rundo la vitabu vya mtumba, na nilikisoma hata kilipozungumzia vitu ambavyo pikipiki yetu haikuwa navyo. Nilipofungua kitu, nilipanga nati juu ya gazeti kwa jinsi zilivyotoka, na mtu akipita karibu na gazeti moyo wangu ulisimama.

Kazi ikapatikana. Kulikuwa na mama mmoja mwenye maabara ya kusafisha picha mjini, na alihitaji mtu wa kuzunguka studio ndogo za mitaa ya Eastlands, kuanzia Umoja na Kayole mpaka Tassia, akusanye filamu jioni na kurudisha picha siku ya pili. Alitaka mtu mwenye pikipiki yake. Aliitazama yetu nje ya duka lake, akainama nyuma, akapitisha kidole juu ya tairi.

"Hii imekuwa kipara," akasema. "Utanibebea harusi ya mtu kwa kipara? Ukiteleza mvua ikinyesha, bibi harusi atavaa gauni mara ya pili?"

"Nitalibadilisha, mama."

"Badilisha. Ukija na tairi lenye meno, unaanza. Sitakungoja mwezi."

Tairi jipya tulilipata. Shida ilikuwa kuinua pikipiki. Stendi yake ya katikati ilikuwa imekatika zamani, kutu ikaila mpaka ikadondoka barabarani, ikabaki ile ya pembeni tu inayoiacha imeegemea kama mtu anayengoja gari. Ili gurudumu la nyuma litoke, ni lazima nyuma iwe hewani na pikipiki isimame wima. Mafundi wa kando ya barabara walikuwa na njia yao: waliilaza ubavu. Mara ya mwisho walipofanya hivyo petroli ilimwagika na mkono wa klachi ukavunjika. Baba akasema tutalibadilisha tairi nyumbani, kama watu.

Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi baba akasimama uwanjani akasema, "Kujeni mnishikie."

Akatoka mchonga vinyago wa mlango wa pili, mtu wa Ukambani, mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya kanisa. Akatoka na mwenzake wa chumba. Tuliinua nyuma kwa nguvu, baba akasukuma kreti ya soda chini ya injini, tukaishusha juu yake. Mimi nikashika usukani. Wale wawili wakashika keria ya nyuma, mmoja huku na mwingine kule. Baba akapiga magoti, akaweka spana kwenye nati kubwa ya ekseli, akavuta. Nati haikusogea.

"Shikeni vizuri."

"Tumeshika, mzee," akasema mchonga vinyago. "Hata serikali ikija hatuachi."

Baba akavuta tena, kwa mwili wote. Kreti ikalia. Ndipo mfereji ulipokohoa.

Sikumbuki ni nani aliyesema "Maji." Nakumbuka usukani ulivyokuwa mzito ghafla mikononi mwangu, kama mtu aliyezimia. Nilivuta upande wangu, nikasikia kreti ikipasuka, na pikipiki ikaenda upande wa baba polepole sana, kwa jinsi nilivyoona, ingawa haikuwa polepole. Ilimwangukia mguuni.

Mfupa mmoja wa unyayo ulipata ufa. Baba alifungwa plasta akaambiwa asikanyage klachi ya lori mpaka mguu upone. Mchonga vinyago alisimama mlangoni kwetu na ndoo yake imejaa, akasema kwa huzuni ya kweli, "Mimi nilishika mpaka maji yakaja."

"Ndiyo," mama akajibu. "Sote tulikuona."

Mama hakuwa mtu wa kelele. Aliuza supu ya mbuzi karibu na stendi ya magari, na vichwa na miguu ya mbuzi alinunua kwenye machinjio ya Kiamaiko kwa mfanyabiashara ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiuliza habari za pikipiki ile, awe anabebea nyama. Jioni hiyo mama aliweka sahani ya baba juu ya stuli, akazungumza na mimi.

"Yule mtu wa Kiamaiko anakuja Jumamosi ijayo. Kama hiyo kitu itakuwa imesimama na magurudumu yake mawili, ataipita. Kama iko vile iko, au ikianguka tena hapa kwangu, anaenda nayo."

"Mama, kazi yangu..."

"Kazi yako nimeisikia. Mguu wa baba yako pia nimeusikia. Na hakuna mtu wa kushika. Nimechoka na watu wa kushika."

"Sasa itasimama na nini?"

"Si wewe ndiye husoma kitabu?"

Nitakiri jambo. Sehemu fulani yangu ilipata afueni. Kama pikipiki ingeuzwa, nisingeteleza na harusi ya mtu. Ningebaki nyumbani nikipanga nati juu ya gazeti, na hakuna kitu kingeharibika mikononi mwangu tena. Nilikaa na wazo hilo siku nzima ya Jumapili, nikaliona linavyostarehesha, na starehe yake ndiyo iliyonitisha. Nilikuwa nimemaliza shule, sikuwa na chuo, sikuwa na mjomba wa kuniingiza kazini. Kama ningeiacha hii kwa sababu ya woga, ningekuwa nimejifunza jinsi ya kuacha, na nilijijua: kitu nikishajifunza nakifanya vizuri mno.

Jumatatu mchonga vinyago alikuja akiviringisha gogo kwa mguu. Tangu ile siku alikuwa akipita mlangoni kwetu akiangalia paa.

"Injinia, kuna gogo hapa linanizibia njia."

"La nini?"

"Lilikuwa liwe kifaru. Lakini fundo limekaa pale jicho linafaa kuwa, na watalii hawapendi kifaru chongo." Akaliacha likasimama. Lilikuwa fupi, nene, limekatwa bapa juu na chini, zito kama mtoto aliyelala. "Patasi ukitaka, iko kwa dirisha langu. Hakuna haja ya kubisha."

Hakusema neno juu ya mguu wa baba. Mimi nililipokea gogo kama lilivyoletwa.

Chini ya injini ya pikipiki yetu yalipita mabomba mawili ya fremu, sambamba. Nilipima nafasi kati yao kwa kijiti, nikachora juu ya gogo, nikaanza kuchonga mitaro miwili ambamo mabomba yangelala. Nilichonga kidogo, nikaenda kupima, nikarudi. Mkono wangu haukuwa na mazoea ya patasi lakini ulikuwa na woga wa kutosha. Mchonga vinyago alikuwa barazani kwake akimpa twiga masikio, na kila nilipopita na kile kijiti alitikisa kichwa.

"Hata mzungu anayenunua hachunguzi hivi."

"Ikicheza itaanguka."

"Itacheza saa ngapi? Umeichongea kaburi."

Baba alikuwa ameketi mlangoni, mguu wenye plasta juu ya stuli. Alimtuma mtu kwa rafiki yake wa pancha akaazima jeki, ile iliyo kama chupa. Niliijaribu chini ya pikipiki, pikipiki ikiwa bado kwenye stendi yake ya pembeni, nikaigundua siri yake: ilipanda vizuri, kisha ikashuka yenyewe kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia ibadani asiyetaka kuonekana. Nikaelewa kwamba jeki ni ya kuinulia, si ya kuachia mzigo. Ikishainua, kitu kingine kisicho na usingizi lazima kichukue uzito. Ndiyo kazi ya gogo.

Jambo la pili lilinijia nikiwa nimelala chini ya pikipiki nikitazama ile nati ya ekseli. Lilinisumbua siku mbili kabla sijapata ujasiri wa kumwambia baba, kwa maana halikuwa neno la mtoto kumwambia mzazi aliyevunjika mguu.

"Baba, ile nati. Nafikiri ingelegezwa kwanza, gurudumu likiwa bado chini. Kabla ya kuinua."

Alikuwa akikuna ngozi pembeni mwa plasta kwa kijiti cha kibiriti.

"Ukivuta ikiwa juu," nikaendelea, sauti ikipungua, "unaivuta pikipiki yote. Hata kama wangeshika..."

"Hata mimi nimekaa na huu mguu nikifikiria hivyo," akasema. "Maji yalinimalizia tu."

Jumamosi ikafika. Mama aliondoka mapema na sufuria zake akasema atarudi kabla ya mtu wa Kiamaiko. Nilifagia sehemu ya uwanja yenye saruji tambarare, nikafagia tena. Nilisogeza pikipiki mpaka gurudumu la mbele likagusa ukuta. Nikaubana mkono wa breki ya mbele na kuufunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu, gurudumu lisiweze kuviringika. Kisha, pikipiki ikiwa imesimama kwa miguu yake mwenyewe, nikaweka spana kwenye nati, nikaongezea bomba refu kwenye mpini, nikasukuma chini kwa uzito wangu. Ililia kama mlango wa zamani, ikaachia. Niliilegeza kidogo tu, nikaiacha.

Nikafunga usukani kwa kamba pande zote mbili, kwenye vyuma vya dirisha letu upande mmoja, na kwenye nguzo ya kamba ya nguo upande wa pili. Nikavuta kamba mpaka pikipiki ikasimama wima bila kutegemea stendi. Ndipo nikaweka jeki chini ya fremu, kipande cha ubao juu yake ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Nikapampu. Nyuma ikapanda. Mwanga ukaonekana chini ya tairi, mwembamba kama uzi, kisha kama kidole. Nikasukuma gogo, nikaangalia mabomba yanatazamana na mitaro yake, nikafungua jeki polepole. Pikipiki ikaketi juu ya gogo na kutulia.

Nilisimama nikiingoja ianguke.

"Sukuma," baba akasema kutoka mlangoni.

Nikaisukuma kwa kidole.

"Hiyo ni kubembeleza. Sukuma kama ng'ombe."

Nikasukuma kwa bega. Kamba zikakaza, fremu ikalia kidogo, na hakuna kilichoondoka mahali pake. Nikazunguka upande wa pili nikasukuma tena. Mchonga vinyago alikuwa ametoka, mikono nyuma, amesimama mbali kabisa kwa makusudi.

"Mimi sishiki," akanitangazia. "Natazama tu. Mama yako asije akasema."

Nilitoa nati, nikachomoa ekseli, nikateremsha cheni, gurudumu likatoka. Pikipiki isiyo na gurudumu la nyuma ina uchi fulani. Unaona kila mahali inapoweza kukosea. Nilipiga magoti mgongo wangu ukiielekea, nikaanza kulibandua tairi kipara kwa vyuma viwili, lakini kila baada ya muda niligeuka kuitazama. Nilikuwa nimelitoa tairi la zamani na kuingiza upande mmoja wa jipya mfereji ulipokohoa.

"Maji!"

Milango ikafunguka yote. Ndoo zikagongana. Mchonga vinyago alikimbia hatua chache, akakumbuka, akageuka kunitazama, uso wake umejaa aibu na hamu ya maji kwa pamoja. Na langoni, kwa bahati ambayo ni yetu tu, mama alikuwa akiingia na sufuria kichwani.

"Wewe," akaniambia bila kupunguza mwendo, "mitungi."

Nilibaki nimepiga magoti. Mwili wangu wote uliniambia nishike. Niweke hata mkono mmoja tu juu ya kiti. Nilijua sababu zote za kwenda na bado mkono wangu ulikuwa umeinuka wenyewe kuelekea pikipiki. Baba alikuwa ananitazama. Hakusema nenda, wala hakusema kaa. Nikaushusha mkono, nikachukua mitungi, nikaenda.

Foleni ilikuwa imeshafika kwenye kamba za nguo. Nilisimama nyuma ya mchonga vinyago, masikio yangu yakiwa yamebaki nyuma yangu kama watoto niliowaacha sokoni. Kona ya nyumba ilinizuia kuona. Alinitazama, akaangalia mikono yangu yenye mitungi, akafikiri.

"Nani ameshika?"

"Hakuna mtu."

Mama mmoja mbele yetu akageuka. Kisha mwingine. Foleni ya maji hainyamazi, lakini ile ilinyamaza.

"Hakuna mtu," mchonga vinyago akarudia. "Imesimama yenyewe."

"Imesimama juu ya kifaru wako."

Akacheka, vumbi likamwanguka kutoka nyusi. "Kifaru chongo," akawaambia wale akina mama, kama mtu anayemtaja mwanawe aliyepita mtihani. Kisha nikagundua kwamba sote tulikuwa tunasikiliza. Mitungi ya watu ilijaa. Foleni ikasogea. Niliwaza kreti ikipasuka, niliwaza mtu wa Kiamaiko akiisukuma pikipiki yetu kupita lango hili hili, niliwaza mama wa maabara akimpa mtu mwingine mfuko wa filamu. Niliyawaza yote, kwa utaratibu wangu wa siku zote, na hakuna hata moja lililotoa sauti.

Nilipojaza nilirudi nikitembea. Nilitaka kukimbia, lakini maji yangemwagika.

Pikipiki ilikuwa pale. Wima, kamba zimekaza, juu ya gogo lake. Kilichokuwa kimesogea ni baba. Alikuwa ameivuta stuli yake kutoka mlangoni mpaka kwenye kivuli cha pikipiki, ameketi kando yake, na ule mguu wenye plasta ameunyoosha chini kabisa ya keria ya nyuma, pale pale ulipoangukiwa. Alikuwa anasoma lile gazeti langu, ametandaza nati zangu kwenye paja lake kwa mpangilio ule ule.

"Jua lilikuwa kali kule," akasema.

Mama alipita na ndoo, akaona mguu, akaona pikipiki, akaingia ndani. Baadaye alitoka na kopo la maji na kipande cha sabuni, akaviweka chini karibu nami. Sikuwa nimemwomba. Nadhani alikuwa amewahi kuwaona watu wa pancha pale stendi wakipaka povu ukingoni mwa tairi ili liingie kwenye ringi bila kubishana. Nilipaka, nikasukuma, upande wa pili ukaingia. Nikapampu mpaka tairi likajipachika kwenye ringi kwa mlio mmoja mkavu uliomshtua mchonga vinyago na ndoo yake.

Kulirudisha gurudumu kulinichukua muda mrefu kuliko kulitoa. Nililiweka, nikaona limeinama kidogo upande wa cheni, nikalitoa, nikaliweka tena. Baba aliniacha. Nilipolishusha chini, nati ya ekseli nilikaza mwisho, gurudumu likiwa ardhini, na nilirudi kuikaza tena, na baada ya chai nikarudi kuigusa. Sitadanganya kwamba siku ile iliniponya. Tofauti ni kwamba sasa nilijua mahali pa kuweka ule woga. Nikiuweka kwenye gogo kabla ya kazi, naweza kwenda kuchota maji.

Mtu wa Kiamaiko alifika alasiri, kanzu safi, akaizunguka pikipiki mikono nyuma. Alibonyeza tairi jipya kwa kidole gumba.

"Imependeza," akasema. "Kwa hiyo, mama?"

Mama alikuwa anaosha sufuria. Alimkaribisha chai kwanza, akamngojea akae, akamwekea sukari.

"Vichwa nitachukua Jumanne kama kawaida," akamwambia. "Pikipiki imepata kazi."